Mwanamke Aliyefanyiwa Ukatili Anapofika Kituoni: Mhudumu wa Afya Afanye Nini?

Katika zahanati na hospitali nyingi nchini, majeraha ya wanawake huandikwa kwenye kadi kwa maneno machache: "ameanguka", "amegongwa na mlango", "ameteleza bafuni". Jeraha husafishwa na kushonwa, dawa ya maumivu hutolewa, na mgonjwa huruhusiwa kwenda nyumbani. Kwa upande wa jeraha, tiba hiyo mara nyingi huwa sahihi. Hata hivyo, ikiwa aliyemjeruhi ni mtu anayeishi naye nyumba moja, mgonjwa huyo amerudishwa palepale alipoumizwa, na kituo hakijui.

Ukubwa wa tatizo hili umepimwa. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti uliohusisha wanawake zaidi ya 24,000 katika nchi 10, Tanzania ikiwa mojawapo. Miongoni mwa wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenzi, asilimia 41 jijini Dar es Salaam na asilimia 56 mkoani Mbeya walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi wao. Miaka 10 baadaye, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa wanawake 4 katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15, na asilimia 17 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono.

Wengi wa wanawake hao hawaendi polisi, na baadhi hawamwambii hata mama mzazi. Kituo cha afya, hata hivyo, hukifikia. Hufika kupima mimba, kuchanja mtoto, kuchoma sindano ya uzazi wa mpango, kupima malaria. Kwa sababu hiyo, mhudumu wa afya huweza kuwa mtu wa kwanza nje ya familia mwenye nafasi ya kutambua kinachoendelea. Namna anavyoitumia nafasi hiyo ni sehemu ya tiba, kama ilivyo sindano au mshono.

Dalili ambazo hazijitangazi

Fikiria mwanamke wa miaka 28 aliyekuja kituoni mara tatu ndani ya miezi minne. Mara ya kwanza alilalamikia maumivu ya kichwa. Mara ya pili alikuwa na maumivu ya tumbo la chini ambayo vipimo havikuonesha chanzo chake. Mara ya tatu alikuja na jeraha juu ya jicho. Kila mara alionwa na mhudumu mwingine, na hakuna aliyefungua kurasa za nyuma za daftari lake. Zikisomwa moja moja, ziara hizo ni za kawaida. Zikisomwa pamoja, zinadai swali.

Dalili zinazopaswa kumfanya mhudumu afikirie ukatili ni pamoja na majeraha yaliyo sehemu zinazofunikwa na nguo, michubuko mipya na ya zamani kwa wakati mmoja, maelezo yasiyolingana na jeraha, na kuchelewa kuja kutibiwa. Zipo pia dalili zisizo na damu: maumivu sugu ya nyonga au mgongo, magonjwa ya zinaa yanayojirudia, mimba zinazoharibika, kukosa usingizi, sonona, na jaribio la kujiua. Mume anayejibu kila swali aliloulizwa mkewe, na kukataa kutoka chumbani, naye ni dalili ya kutazamwa.

Hakuna hata moja kati ya hizi inayothibitisha ukatili. Wapo wanaoanguka kweli, na wapo waume wanaowasindikiza wake zao kwa mapenzi. Dalili humpa mhudumu sababu ya kuuliza. Hazimpi ruhusa ya kuhukumu.

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 haipendekezi kila mwanamke anayefika kituoni aulizwe kuhusu ukatili. Inapendekeza aulizwe yule ambaye hali yake inaweza kuwa imesababishwa au kuzidishwa na ukatili. Katika kliniki ya wajawazito, ambako mwanamke huonwa mara kadhaa, kuuliza kwa upana zaidi kunaweza kufikiriwa, mradi masharti yametimia: pawepo faragha, mhudumu awe amefundishwa, siri ihifadhiwe, na pawepo mahali pa kumpeleka mwanamke akihitaji msaada zaidi.

Kwa nini swali haliulizwi

Sababu ya kwanza ni uchache wa watumishi. Tabibu mwenye foleni ya wagonjwa 60 huogopa kufungua jambo ambalo hana muda wa kulimaliza. Sababu ya pili ni kutojua la kufanya baada ya jibu. Ya tatu ni nzito zaidi kuisema: mhudumu ametoka katika jamii ileile. Katika utafiti wa mwaka 2015/16, asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume walikubali kuwa ipo angalau sababu moja inayompa mume haki ya kumpiga mkewe, kama vile kuunguza chakula, kubishana naye au kutoka bila kumwambia. Si jambo la kushangaza basi kusikia muuguzi akimuuliza mgonjwa, "Ulimfanya nini?" Wapo pia wahudumu ambao wenyewe wanapigwa majumbani mwao, na swali hilo huwarudia.

Sheria ya nchi haina utata juu ya hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatamka kuwa hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kipigo. Mhudumu anayedhani anaheshimu mila kwa kunyamaza anapaswa kulijua hilo.

Utafiti uliofanyika katika idara ya wagonjwa wa nje ya hospitali ya Temeke, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2011, ulijaribu kuwawezesha wahudumu kuwauliza wanawake kuhusu ukatili wa wenzi wao. Wahudumu waliiona kazi hiyo kuwa na maana, ingawa walitaja vikwazo vilevile: uhaba wa watumishi, upungufu wa stadi, na ugumu wa kugusa jambo linalohesabiwa kuwa la ndani. Fundisho lake ni kwamba kuuliza kunawezekana katika hospitali yenye msongamano, lakini hakuwezi kuachwa kwa moyo wa mtumishi mmoja mmoja.

Faragha hutangulia swali

Swali lililoulizwa mahali pabaya linaweza kumletea mwanamke kipigo kingine usiku uleule. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata haisemi mbele ya watu. Pazia kati ya vitanda viwili si faragha, kwa kuwa sauti hupita. Mbele ya mume, mama mkwe, wifi au mtoto mwenye umri wa kusimulia aliyoyasikia, swali lisiulizwe kabisa.

Huduma za uzazi nchini huwahimiza wanaume kuwasindikiza wake zao kliniki, na jambo hilo lina faida. Lakini lina tahadhari yake: mwanamke asiyepata hata dakika tano peke yake hana nafasi ya kusema. Njia iliyo salama ni kuifanya faragha kuwa utaratibu wa kila mtu. Kituo kikiamua kwamba kila mjamzito huingia peke yake wakati wa kupimwa uzito na mkojo, au wakati wa kupimwa tumbo, hakuna mume atakayehisi kuwa ametengwa kwa kushukiwa.

Siri inahusu maandishi pia. Daftari la mgonjwa hurudi naye nyumbani, na mume huweza kulisoma. Maelezo ya ukatili yaandikwe katika jalada linalobaki kituoni chini ya ufunguo. Hata kipeperushi chenye namba za simu za msaada kinaweza kuwa hatari kikikutwa kwenye mkoba. Mwanamke aulizwe kwanza kama ni salama kwake kukichukua.

Maneno ya kuuliza, maneno ya kujibu

Swali zuri huanza kwa maelezo mafupi yanayomwondolea mwanamke aibu, kisha huwa la wazi. Kwa mfano: "Mama, wanawake wengi tunaowahudumia hapa hupata shida nyumbani, na shida hizo huathiri afya zao. Je, mumeo au mtu mwingine amewahi kukupiga au kukuumiza?" Au: "Jeraha kama hili wakati mwingine husababishwa na kupigwa. Je, ndivyo ilivyokuwa kwako?" Akikana, akubaliwe. Aambiwe tu kwamba mlango uko wazi siku yoyote atakapotaka kuzungumza. Wanawake wengi hukana mara ya kwanza kwa kuwa wanampima mhudumu, na wengine hurudi baada ya miezi.

Akikubali, kazi ya mhudumu ina hatua tano ambazo Shirika la Afya Duniani limezipanga kama huduma ya kwanza: kumsikiliza bila kumkatiza, kumuuliza anahitaji nini na anahofia nini, kumwonesha kuwa anaaminiwa, kuzungumza naye kuhusu usalama wake, na kumuunganisha na msaada. Hatua hizi hazihitaji shahada ya saikolojia. Muuguzi, mkunga au tabibu wa zahanati anaweza kuzitekeleza akifundishwa.

Maneno yanayosaidia ni machache: "Pole sana. Ulilofanyiwa si kosa lako. Umefanya vyema kusema." Maneno yanayodhuru yanajulikana pia: "Vumilia, ndoa ndivyo zilivyo", "Kwa nini hujaondoka?", "Ungenyamaza asingekupiga." Mwanamke aliyejibiwa hivyo huondoka akiwa na uhakika kuwa hakuna wa kumsaidia, na huenda asimwambie mtu mwingine tena.

Kuna kosa lingine linalofanywa kwa nia njema: kumwita mume ili wapatanishwe ofisini kwa mganga mfawidhi. Mwanamke hawezi kusema kweli mbele ya anayempiga. Akisema, hulipia nyumbani. Kazi ya kituo ni kumtibu na kumlinda mgonjwa. Usuluhishi wa ndoa haumo.

Hatari iliyo karibu

Kabla mwanamke hajaondoka, mhudumu ajiridhishe kama ni salama kwake kurudi nyumbani leo. Yapo maswali yanayosaidia kupima hatari hiyo. Je, vipigo vimeongezeka au vimekuwa vikali zaidi katika miezi sita iliyopita? Je, amewahi kumtumia silaha au kumtishia nayo? Je, amewahi kumkaba koo? Je, anaamini kuwa mwenzi wake anaweza kumuua? Je, amewahi kumpiga akiwa mjamzito? Je, ana wivu mkali wa kila wakati? Majibu ya "ndiyo" kwa maswali matatu au zaidi ni ishara ya hatari kubwa.

Kukabwa koo kunastahili tahadhari ya pekee. Shingo inaweza isioneshe alama yoyote, huku uvimbe ndani ya koo au jeraha la mshipa wa damu likijitokeza saa kadhaa baadaye. Mwanamke mwenye sauti iliyobadilika, anayeshindwa kumeza, anayehema kwa shida au aliyepoteza fahamu wakati wa kukabwa asiruhusiwe kwenda nyumbani kwa kuwa tu ngozi haina jeraha.

Asiyetaka kuondoka kwake asaidiwe kupanga. Atakimbilia kwa nani usiku? Nauli ataiweka wapi? Kitambulisho cha taifa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi za kliniki viko mahali anapoweza kuvichukua kwa haraka? Yuko jirani anayeweza kuombwa aite watu akisikia kelele? Mpango wa namna hii hauandikwi kwenye karatasi ya kubebwa nyumbani. Huzungumzwa mpaka ukakumbukwa.

Aliyebakwa: muda unahesabika

Kwa aliyebakwa, baadhi ya tiba zina ukomo wa muda. Dawa kinga dhidi ya VVU, ambazo wengi huziita PEP, huanzwa mapema iwezekanavyo na zisicheleweshwe zaidi ya saa 72. Kisha humezwa kwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku 5, na hufanya kazi vyema zaidi ikiwahiwa. Hutolewa pia dawa za kuzuia magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B, na kinga ya pepopunda ikiwa kuna majeraha. Aliyefika baada ya muda huo asirudishwe. Bado anahitaji vipimo, matibabu na mtu wa kumsikiliza.

Haki ya kupata huduma hizi haitegemei aliyemtendea ni nani. Mwanamke aliyelazimishwa na mumewe anaweza kuwa na majeraha na hatari ya maambukizi sawa na aliyeshambuliwa njiani.

Uchunguzi ufanywe kwa ridhaa yake, kila hatua ikielezwa kabla ya kuanza, naye akiwa na haki ya kusema "hapana" wakati wowote. Kupima "ubikira" kwa kuingiza vidole au kutazama kizinda hakuna thamani ya kisayansi; mwaka 2018 mashirika ya Umoja wa Mataifa, likiwemo Shirika la Afya Duniani, yalitaka zoea hilo likomeshwe. Kadhalika, kukosekana kwa jeraha sehemu za siri si ushahidi kwamba mtu hakubakwa. Wengi waliobakwa hawana jeraha linaloonekana.

PF3 na kalamu ya mhudumu

Wananchi wengi, na hata baadhi ya watumishi, huamini kuwa aliyepigwa au kubakwa hatibiwi mpaka alete fomu ya polisi namba 3, yaani PF3. Miongozo ya sekta ya afya haitaki huduma ya dharura isubiri fomu. Mgonjwa atibiwe kwanza. Fomu inaweza kufuata. Mwanamke aliyeambiwa aende kituo cha polisi kilicho kilomita 15 akiwa anavuja damu huenda asirudi, na saa za PEP huendelea kwisha akiwa njiani.

Fomu inapoletwa, ijazwe kwa uangalifu, kwa sababu huenda ikawa ushahidi pekee wa kitaalamu mahakamani. Jeraha lielezwe lilipo, umbo lake, rangi yake na ukubwa wake kwa sentimita. "Ana majeraha mwilini" haisaidii kitu. "Mchubuko wa rangi ya zambarau, sentimita 6 kwa 3, upande wa nje wa mkono wa kushoto juu ya kiwiko" unasaidia. Maneno ya mgonjwa yaandikwe kama alivyoyasema. Nguo zenye ushahidi zihifadhiwe katika mifuko ya karatasi, kwa kuwa ndani ya plastiki hupata unyevu na kuharibika. Mwandiko usomeke, na jina la mhudumu liwepo, kwa maana anaweza kuitwa kutoa ushahidi miaka miwili baadaye, wakati kumbukumbu yake imebaki kwenye karatasi tu.

Kwa mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu, uamuzi wa kwenda polisi ni wake. Mhudumu amweleze kuhusu Dawati la Jinsia na Watoto, afisa ustawi wa jamii, na Kituo cha Mkono kwa Mkono kama kipo karibu, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Kisha aheshimu atakachochagua. Mwanamke ndiye anayejua kitakachotokea nyumbani mume akiitwa kituoni. Kwa aliye chini ya miaka 18 hali ni tofauti: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka wajibu wa kutoa taarifa mtoto anapofanyiwa ukatili, na simu namba 116 hupokea taarifa hizo bila malipo.

Kwa mwanamke anayesoma makala haya

Dada au mama unayepitia hali hii, unayo haki ya kuomba kuonwa peke yako, hata kama umesindikizwa. Unaweza kusema mapokezi, "Nina jambo la kike ninalotaka kumweleza nesi faragha." Unayo haki ya kutibiwa kabla ya PF3. Ikiwa umebakwa, wahi kituoni upesi. Ukiweza, nenda kabla ya kuoga au kufua nguo ulizovaa. Ikiwa umekwisha kuoga, nenda vilevile. Si lazima useme yote siku moja, wala kusema hakukulazimishi kushtaki au kuvunja ndoa. Mhudumu wa kwanza akikujibu vibaya, mtafute mwingine. Jibu lake baya halimaanishi kuwa hustahili msaada.

Kazi ya kituo kizima

Wizara yenye dhamana ya afya ilitoa miongozo ya kuwahudumia waathirika wa ukatili wa kijinsia mwaka 2011, na Mpango Kazi wa Taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulianza mwaka 2017. Kipimo cha nyaraka hizo ni kile kinachotokea Ijumaa saa nne usiku, mwanamke aliyebakwa anapofika akiwa na dada yake. Ikiwa PEP zimefungiwa katika kliniki ya CTC itakayofunguliwa Jumatatu asubuhi, na ufunguo hauko kwa muuguzi wa zamu, saa 72 zitakaribia kwisha bila yeyote kuvunja mwongozo.

Mganga mfawidhi anaweza kulirekebisha hilo bila kusubiri mradi. Dozi za kuanzia ziwekwe katika kabati la dharura. Chumba kimoja chenye mlango unaofungika kitengwe. Orodha ya watu wa kupigiwa, kuanzia afisa ustawi wa jamii wa kata hadi Dawati la Jinsia, ibandikwe chumba cha wauguzi na ihakikiwe kila baada ya miezi mitatu. Watumishi wafundishwe, na wapewe nafasi ya kuzungumza wao kwa wao kuhusu mambo mazito wanayoyasikia, kwa kuwa nao huumia. Kituo kilichofanya hayo kitakuwa kimempa muuguzi wake wa zamu kitu cha kumfanyia mwanamke atakapojibu "ndiyo".